Skrini Inazimika Mama Akiingia

Nyumbani, 4 Machi

Mdogo wangu Bisibisi,

Naanza na salamu kwa sababu Mama amekaa kando yangu kuhakikisha siziruki. Yeye hajambo. Goti la kushoto halijambo, la kulia linalalamika. Baba mdogo amepaka nyumba yake rangi ya kijani ambayo mwenye duka alikuwa ameshakata tamaa ya kuiuza. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kabati lako la nguo, na hatuna mpango wa kumhamisha, maana yeye yuko nyumbani na wewe hupo. Mimi mzima na nimenenepa. Mkeo mzima na hajanenepa.

Sasa jambo lenyewe. Tangu ulipokwenda kufunga umeme kwenye hilo bwawa lenu lisilokwisha, unajua studio yetu ya sebuleni tumeiendesha hivi: mkeo anahariri video za harusi kwenye kompyuta, mimi napiga picha za pasipoti na kugombana na wateja. Tulikuwa tunaenda vizuri. Mwezi huu skrini imeanza visa. Si kwamba umeme unakatika. Feni inazunguka, taa inawaka, kompyuta inanguruma kama kawaida yake, ila skrini yenyewe inakuwa nyeusi tii, sekunde mbili tatu, halafu inarudi na kujikausha kama haijafanya kitu. Juzi ilizimika mbele ya wateja, kwenye video bwana harusi akiwa na pete mkononi na bibi harusi amenyoosha kidole. Mama wa bibi harusi akasema hiyo ni nuksi na akataka kujua nani alizima. Ilibidi nimpe picha ya ukutani bure ili anyamaze.

Wewe ndiye fundi wa ukoo. Sema tufanye nini, kabla sijaipeleka kwa yule fundi wa sokoni ambaye kila kitu anakipuliza.

Nikuambie na hili: mimi nikikaa kufanya kazi haizimiki. Akikaa mkeo inazimika. Sisemi kitu, nakupa taarifa.

Likizo yako lini?

Dada yako

*

Kambini, 27 Machi

Kwa Mkurugenzi wa Sebule,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya tairi. Dereva wa lori la chakula, huyu tunayemwita Kobe, anasema haelewi ilitokeaje. Usiniulize kwa nini sipigi simu. Mtandao uko juu ya kilima, na kilima kina nyuki, na nyuki wamefika kabla yetu.

Mimi sijambo. Ninalala kwenye kontena pamoja na mchomeleaji vyuma anayeongea na mkewe ndotoni, kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao mchana. Mpe Mama pole ya goti. Paka mpe notisi.

Kuhusu skrini, msibabaike. Kwanza angalieni imechomekwa wapi. Kama ninavyokufahamu, skrini, kompyuta, friji na pasi vyote vinanyonya kwenye soketi moja ya kurefusha, ile iliyoungua pembeni. Friji ikiwaka inavuta umeme kwa pupa na wengine wanabaki wanahema. Ihamishe. Pili, kebo ya picha, ile inayotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye skrini, ichomoe ncha zote mbili, ipanguse, ichomeke tena mpaka mwisho. Ikilegea kidogo tu picha inakatika. Tatu, badilisha kebo yenyewe. Azima kwa mtu uone. Fanya kimoja kimoja, si vyote kwa pamoja kama unavyopika.

Mke wangu mbona haandiki?

Bisibisi

*

Nyumbani, 2 Mei

Mdogo wangu,

Mke wako haandiki kwa sababu humwandikii. Nimekujibu hilo mapema ili nipate nafasi ya mengine.

Salamu zote zipo. Mama anakusalimu, baba mdogo anakusalimu akiwa ukumbini ameshika paji la uso, kwa kuwa amejigonga kwenye friji. Friji sasa inakaa ukumbini kama ulivyoamuru. Ukitaka maji ya baridi unapita ubavu, na mimi na unene huu sipiti, kwa hiyo siku hizi nakunywa ya moto.

Skrini bado. Tumebana kebo ncha zote, bado. Tumeazima kebo ya televisheni ya kinyozi, nyembamba kama kamba ya kiatu, na hapo ndiyo ikawa mbaya zaidi. Kinyozi amechukua kebo yake na sura ya mtu aliyetukanwa.

Sasa nisikilize. Mama amegundua kitu, na ningependa asingegundua. Anasema skrini inazimika yeye akiingia sebuleni. Nilimwambia anatia chumvi. Akanikalisha kwenye kochi nishuhudie. Akatoka, akarudi na ndara zake za sponji, bila kubisha hodi, kama alivyokuwa akiingia bwenini enzi zake za umatroni. Mkeo akasimama kumwamkia, skrini nyeusi. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Mimi nikiwa kwenye kompyuta, Mama anaingia na kutoka apendavyo na picha inabaki pale pale.

Unamjua Mama. Miaka yote ya kazi yake aliipitisha akifunua magodoro ya wasichana wa watu, na aliyeshtuka ndiye alikuwa na kosa. Ameniita jikoni akaninong'oneza, na mnong'ono wa Mama unasikika hadi kwa kinyozi: "Mwanamke anayezima skrini mama mkwe akitokea, anaangalia nini?"

Mkeo alikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilipomuuliza baadaye alisema yeye haigusi, inazimika yenyewe, na akarudi kukata video ya watu. Mama anasema akiona mara moja zaidi atawaita wazazi wake waje kumchukua, na wewe utaletewa taarifa. Nimemwomba asubiri fundi atoe neno. Kwa hiyo toa neno, tena la maana.

Likizo yako lini? Nimeuliza mara ya pili sasa.

Dada yako

*

Kambini, 21 Mei

Dada,

Salamu kwa wote. Hapa mvua imenyesha na kontena letu limesogea kidogo kuelekea bondeni. Mpishi anasema ni kawaida. Mchomeleaji ameacha kuongea ndotoni, sijui mkewe amemkosea nini huko.

Kuhusu skrini, jaribuni stabilaiza ya kinyozi, ile ya kutuliza umeme, kama bado mnasalimiana. Pia angalieni kama skrini inapata joto nyuma, na kama waya wake wa umeme umekaa sawa kwenye kile kisanduku chake cheusi. Jamani, skrini haina macho. Haimjui Mama.

Lakini kwa kuwa skrini haina macho, mtu anayo. Dada, naomba uangalie bila yeye kujua anaangalia nini kwenye hiyo kompyuta. Kaa nyuma yake kama unatafuta kitu. Kama kuna mtu, niambie ni nani, usinifiche. Nimekuwa nikiwaza mengi huku. Wanaume wa hapa wanasimuliana mambo wakati wa kula, na kila anayesimulia alianza kwa kusema kwamba wa kwake hawezi. Usimwambie Mama kama nimekuandikia hili.

Kuhusu ile soketi iliyoungua pembeni, itupe, usimpe mtu.

Bisibisi

*

Nyumbani, 11 Juni

Bisibisi,

Leo salamu utazikuta ukija.

Hivi wewe umesahau barua zinasomwaje katika nyumba hii? Barua ikifika tunakaa sebuleni, mimi nasoma kwa sauti, Mama anasikiliza na kunikazia macho nisiruke mstari. Ndivyo ulivyosomwa toka ulipokwenda mafunzoni. Mtu mwenye akili angeandika siri yake kwenye karatasi ya pembeni na kuikunja. Wewe umeichomeka katikati ya joto la skrini na soketi mbovu. Nilikuwa nasoma kwa kasi, nimezoea kukusoma bila kukusikiliza, na nilipofika "bila yeye kujua" nilikuwa nimeshalitamka lote. Nikanyamaza. Mama akasema, "Endelea, mbona umesita?"

Mkeo alikuwa pale kwenye kiti chake, mbele ya kompyuta, ametugeukia na tabasamu, akisubiri sehemu ya kusalimiwa. Mdogo wangu, uso ule sitaki kuuona tena. Akasema, "Endelea tu kusoma, wifi. Mimi nimeshasikia panaponihusu." Akasimama kwenda chumbani kufungasha. Na alipoinuka tu, skrini ikazimika.

Wote tuliona. Mama alikuwa kwenye kochi tangu barua inafunguliwa. Hakuingia, hakutoka, hakutikisa hata goti.

Mkeo aliondoka kwenda kwao na begi moja. Nilimfuata hadi barabarani nikimshika mkono, nikaongea upuuzi mwingi, akaniambia nirudi ndani wateja wasije wakakuta hakuna mtu. Hata siku hiyo aliwaza wateja.

Nilirudi nikiwa mbogo, nikaenda kukaa kwenye kiti chake. Mimi sikikaliagi kile kiti. Ni kile cha ofisi, cha magurudumu, kinachopanda na kushuka kwa gesi, na siku ya kwanza kilinimwaga chini mbele ya mteja, kwa hiyo kazi zangu nazifanyia kwenye stuli ya mbao. Sasa nikakaa, kikashuka kwa mlio. Nikainuka. Skrini nyeusi tii. Nikakaa, nikainuka tena. Nyeusi. Nikamwita Mama akae. Alikataa, nikamkalisha. Alipoinuka, ikazimika na yeye. Nikamuuliza na yeye anamficha mwanaume gani.

Hakucheka. Alisimama ameshika mgongo wa kiti, anatazama picha ikirudi. Akasema, "Kumbe alikuwa ananisimamia mimi." Basi, akaenda zake.

Maana kila Mama alipoingia mkeo aliinuka kwa heshima, na kila alipoinuka kiti kikazima skrini. Akitaka kutoka kwenda kula huizima skrini mwenyewe kwanza, nani angejua? Mimi nakalia stuli, tena mwana wa kuzaliwa siinuki, ndiyo maana nilionekana malaika. Na unakumbuka nani alimfundisha kusimama. Wiki ile ya kwanza ya ndoa ulimkalisha ukamwambia kwetu Mama akiingia watu husimama. Sisi wenyewe tuliacha tukiwa darasa la saba.

Sasa fundi wa ukoo nieleze, kiti kinazimaje skrini bila kuigusa?

Dada yako

*

Kambini, 2 Julai

Dada yangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nimemsomea pia mchomeleaji, nikijifanya ni habari ya mtu mwingine, akasema huyo mtu ni mjinga.

Jibu la kiti ninalo. Unajua ile nguzo ya chuma chini ya kiti, yenye gesi? Mtu akikaa au akiinuka, vyuma vinasuguana, na nguo nayo inasugua kitambaa. Hapo unazaliwa umeme mdogo, ule unaokuruka ukivua sweta. Haumdhuru mtu. Lakini ukichupa, unarusha kelele hewani, na kebo ya picha ikiwa dhaifu, haina koti zuri la waya ndani yake, inaipokea ile kelele kama redio. Skrini inapoteza picha, inachanganyikiwa, inazimika, inaitafuta tena, inaipata. Ndiyo maana ile kebo nyembamba ya kinyozi ilikuwa mbaya zaidi. Na nyumba yetu haina waya wa ardhini, ule mafundi tunaouita ethi. Marehemu Baba aliukata alipojenga choo na hakuna aliyeurudisha, kwa hiyo umeme wa namna hiyo hauna pa kwenda. Ni jambo linalojulikana. Ningelikumbuka mapema kama mngeniambia kuna kiti kama hicho.

Nimempa Kobe kebo mpya, nene, fupi, yenye vidonge vya chuma vya kuzuia kelele kwenye ncha zote mbili. Iweke mbali na waya wa umeme, zisilale pamoja. Mwite fundi umeme aliyesoma, siyo mpulizaji, achimbie fimbo ya shaba nje ya ukuta na kuunga ethi. Kisogezeni kiti mbali kidogo na kompyuta. Mkitaka, kitandikeni kitambaa cha pamba.

Mwambie mke wangu imeshajulikana ni kiti, arudi.

Bisibisi

*

Nyumbani, 5 Agosti

Mdogo wangu,

Wote wazima. Watoto wa paka wamekua, wanapanda mapazia.

Nimepima barua yako kwa jicho. Kiti kimepata ukurasa. Mkeo amepata mstari mmoja, na ndani ya huo mstari umempa amri. Na eti tungekuambia kuna kiti. Kwa hiyo kosa ni letu, sawa.

Hii sijaisoma kwa sauti, na yako pia sikuisoma. Mama hakuuliza.

Kebo imefika. Fundi amekuja, amechimbia fimbo, Mama amemsimamia mpaka jasho likamtoka. Halafu nikapanda gari kwenda kwa wakwe zako, na sikwenda kwa ajili yako. Tuna harusi mbili zimelala kwenye kompyuta hazina mwisho, na mimi nikizikata bwana harusi anatokea hana kichwa. Nilimkuta mkeo anafua. Nikamweleza habari yote, nguzo, gesi, sweta, kelele hewani. Nilikuwa na furaha, nadhani nilitegemea anirukie. Akakamua nguo, akaianika, akanigeukia.

"Kwa hiyo kiti ndicho kimenisafisha," akasema. "Na kama isingekuwa kiti, wifi?"

Mimi, unayesema nina mdomo wa kuuza mchanga jangwani, nikainama kwenye beseni. Nikashika upande wa pili wa shuka nikamsaidia kukamua. Aliniambia harusi za watu hazina kosa, atakuja kuzimaliza. Anakuja tangu wiki mbili zilizopita. Jioni anarudi kwao.

Sasa nikuambie la Mama. Siku ya kwanza alikaa chumbani mpaka mchana, kitu ambacho hata homa haijawahi kumfanyia. Halafu nikasikia kitu kigeni mlangoni pa sebule. Anabisha hodi. Katika nyumba yake mwenyewe. Mkeo akasema karibu, Mama akaingia. Na mkeo hakusimama. Aliamkia vizuri, kwa sauti ya adabu kabisa, ila akabaki amekaa, mkono kwenye kipanya, macho kwenye kazi. Mimi nilishika ukuta. Nilijua leo ndiyo leo.

Mama akasogea karibu. Akaitazama skrini, inawaka. Akamtazama mkeo. Kisha akavuta stuli yangu ya mbao, akakaa kando yake, akauliza huyu mwenye suti ya zambarau ni nani kwenye harusi hii. Mkeo akamwambia ni mjomba wa bibi harusi, na kwamba wamemwomba amkate kila anapotokea kwa sababu alilewa. Mama akasema ampunguze, asimkate wote, mjomba ni mjomba. Wakaendelea hivyo mpaka jioni, wanabishana kuhusu mlevi wa watu.

Skrini haijazimika tena. Lakini sitakudanganya, hatujui kama ni kebo yako, au ni fimbo ya shaba, au ni kwamba hakuna anayesimama tena. Hakuna aliyejaribu, na mimi sijaribu.

Kobe amenywa chai hapa leo. Nilimuuliza likizo za kambini zikoje. Amesema wenzako wote walishapewa, wakaenda, wakarudi, na yako unaisogeza mbele mwenyewe tangu Mei, yaani tangu ile barua yangu. Nimemwongezea sukari.

Swali la mkeo bado liko mezani. Usinitumie mimi jibu lake.

Dada yako

*

Kambini, 14 Agosti

Dada,

Salamu kwa Mama, kwa baba mdogo na paji lake, na kwa paka wote kwa idadi yao.

Kobe alikuambia kweli. Niliogopa kuja nikakuta shaka yangu juu ya mke wangu ni kweli, na nikaogopa pia kuja nikakuta si kweli, maana ningemtazamaje. Kwa hiyo nikawa naandika kuhusu kebo. Kuhusu kebo naweza kuandika mpaka wino uishe.

Swali lake nimekaa nalo. Nimelijaribu kwenye karatasi mara kadhaa, na kila mara naona linageuka kuwa maelezo ya fundi. Jibu lililopo ni kwamba kama isingekuwa kiti, ningekuwa bado nakutuma ukae nyuma yake. Hilo si la kumwandikia mtu. Anapaswa kulisikia kutoka kinywani mwangu, na kuniona uso ninaposema.

Nimeomba likizo, nimepewa. Nakuja na Kobe lori likigeuza, nadhani nitafika karibu pamoja na barua hii, kama hataipitia na tairi tena. Sitapita nyumbani kwanza. Nitakwenda kwao, nibishe hodi kama mgeni mwingine yeyote.

Ukimwona kazini kabla sijafika, mwambie jambo moja tu. Nikiingia, asisimame. Mimi ndiye nitakayesimama, na nitasimama pale mlangoni mpaka yeye aseme nikae. Akitaka kunisahau hapo siku nzima, Mama na aje huko na stuli atazame.

Mdogo wako